Samaki Mzima kwa Kidato cha Nne

Siku niliyowaambia wanafunzi wangu wa kidato cha nne wachore samaki bila kutazama kitabu, kila mmoja kwa jinsi anavyomjua, walinichorea mifupa. Kichwa kikubwa mbele, mkia nyuma, na katikati uti wa mgongo wenye miiba iliyopangwa kama meno ya chanuo. Hapakuwa na tumbo. Hapakuwa na pezi la kifuani wala la tumboni. Vichwa walivichora kwa uangalifu, na meno yake, maana vichwa walivijua vizuri. Nilipita dawati kwa dawati nikitafuta japo mmoja aliyemvika samaki wake nyama, nikampata kijana ambaye kwao ni Busega, karibu na ziwa. Wenzake walikuwa wanamcheka. Walimwambia samaki wake amevimba.

Mimi sikucheka. Nilirudi mbele nikaketi kwenye kiti, jambo ambalo sikuwa na kawaida ya kulifanya katikati ya kipindi, nikamwomba Mungu anitulize, kwa sababu hasira niliyoisikia haikuwahusu watoto wale. Walichora walichokiona.

Nilipokuwa msichana kule Nkoma, samaki alitufikia akiwa mzima. Aliletwa kwa baiskeli, sato au ningu, na mama zetu ndio waliompasua tumbo sisi tukiwa tumewazunguka, tukigombea kile kibofu cha hewa ili tukipasue kwa kukikanyaga. Halafu ikaja miaka ya soko huria. Viwanda vya minofu vikafunguliwa kando ya ziwa, sangara akawa ananunuliwa angali ndani ya mtumbwi, nyama yake ikabanduliwa na kupakiwa kwenye ndege za Ulaya, nasi huku Bariadi tukaletewa kilichobaki: kichwa, mifupa na mkia. Tukayaita mapanki. Yalikuja kwa malori, yakakaangwa sokoni, tukanunua. Nimeyala na kuyaombea baraka, na siwezi kuyatukana, maana yamelea watoto wengi. Pamba nayo ikapata wanunuzi wapya kila msimu, na mikutanoni tukaambiwa kwamba sasa kila kitu kina bei yake. Sikuwa na ugomvi na bei. Ugomvi wangu ulikuwa na hali hiyo ya mtoto aliyekaribia kumaliza sekondari anayeamini kwamba Mungu aliumba samaki bila nyama.

Tena ulikuwa mwaka mbaya kwa jambo hilo kutokea. Shule yetu ilijengwa na wazazi pamoja na kanisa, kwa matofali ya kuchoma na mikono ya watu, na haikuwa na maabara. Chumba tulichokiita maabara kilikuwa kimejengwa kiwe stoo. Mkuu wa shule, mtu mwema aliyechoka mapema, alikuwa ameniita ofisini kunieleza kuwa mkaguzi wa elimu atakuja. Ataangalia kama tunaweza kuwafanyisha watoto mtihani wa vitendo wa Biolojia. Akiona hatuwezi, watafanya mtihani mbadala, ule wa kuandika tu kuhusu mambo ambayo wenzao wanayashika kwa mikono. Mkuu aliona heri tuombe mbadala wenyewe kabla hatujaaibishwa.

"Mama, tusijiumize," aliniambia. "Mbadala una ubaya gani? Wanaandika, wanamaliza."

Nilimjibu kwamba wataandika juu ya kitu ambacho hawajawahi kukiona, na kwamba shule za kidato cha tano na vyuo vya utabibu vinajua kutofautisha. Nilikuwa na wasichana wachache waliotaka kwenda huko. Mmoja alitoka Sola, akiishi mjini kwa shangazi yake. Baba yake alikuwa mfugaji, asiyekuja kanisani kwetu wala kanisa lolote, na alimruhusu asome kwa sharti moja lililo wazi: awe mganga wa hospitali, au arudi nyumbani. Sikumwona kuwa mkatili. Aliuza ng'ombe kwa ajili ya jambo fulani, na alitaka kuliona jambo hilo. Lakini nilijua kwamba siku darasa langu litakapoandikwa kwenye mbadala, yule binti ataanza kufungasha.

Kwa hiyo nikaamua kwamba kabla mkaguzi hajafika, watoto hawa watamwona samaki mzima, watamshika, na watampasua.

Jumamosi nilipanda gari nikapita Mkula hadi ziwani. Mwaloni, mahali mitumbwi inaposhushia samaki, kulikuwa na malori yenye barafu, na sangara wamelazwa juu ya maturubai, wakubwa kama ndama. Nilisimama nikawatazama kwanza, nikamshukuru aliyewaumba, kisha nikamwendea wakala wa kiwanda aliyekuwa kwenye mizani, kijana aliyevaa buti za mpira.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama, akaniuliza nimepotea njia au vipi.

Nilimwambia nataka samaki mmoja, mdogo, wa kununua, ila awe na tumbo lake.

"Hao wana mwenyewe, mayu."

"Mwenyewe nani?"

"Kiwanda."

"Mbona bado wana maji ya ziwa mgongoni?"

Wapakiaji walicheka, mmoja akasema mama huyu angefaa kuwa diwani. Kijana naye alicheka, hakuwa na roho mbaya. Akanionyesha pembeni, kwenye rundo la samaki ambao kiwanda kingewakataa. "Chukua mmoja pale, bure. Ni sadaka yangu kwa shule."

Niliinama nikafungua kifuniko cha matamvua cha yule aliyekuwa juu. Matamvua ya samaki aliyetoka majini punde ni mekundu. Ya yule yalikuwa ya rangi ya majivu, na jicho lilikuwa limezama.

"Sadaka haitolewi ikiwa imeoza, mwanangu," nilimwambia. "Mapanki tumekula. Uvundo hatuutaki."

Hapo hawakucheka. Nilizunguka kwa akina mama wauzaji. Sato wazima walikuwa wameondoka na magari ya alfajiri, na waliobaki walikwisha kupasuliwa na kutolewa matumbo tayari kwa kukaushwa. Dagaa walikuwepo tele, wazima kabisa, lakini utampasua dagaa kwa wembe gani? Nikarudi mikono mitupu. Njia nzima niliomba, na haikuwa sala ya upole. Nilimwambia Mungu kwamba ziwa ni lake, na kwamba sitakubali watoto wa Bariadi wapewe mifupa tu hata katika elimu.

Ilikuwa masika. Tulipokaribia nyumbani niliona, kama nilivyoona kila masika tangu nizaliwe, wanawake wameinama kwenye majaruba ya mpunga wakiinua migono yao ya kutegea samaki. Ndani ya migono kulikuwa na kambare, weusi, wanajipindapinda. Nilimwomba dereva anishushe.

Mama mmoja aliniuliza kambare wote hao ni wa nini, kama nina msiba. Nikamwambia nina mtihani. Alidhani nimeugua akili kidogo, lakini tulielewana, na mumewe akanibebea ndoo mbili kwenye baiskeli hadi shuleni, kambare wakiwa hai. Nikawaweka kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya stoo yetu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na habari ilikuwa imenitangulia kanisani. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa aliniita kando. Huyu ndiye aliyenifundisha kusali nikiwa mtoto, na hadi leo namheshimu. Alinieleza kwa utaratibu kwamba samaki asiye na magamba ni najisi kwa Sheria ya kale. Shule ni ya kanisa, na wasichana wa kanisa watatiaje mikono ndani ya tumbo la kiumbe kile? Akasema wazazi wengine nao wana miiko ya koo zao kuhusu samaki wa matopeni, na ingawa yeye haamini miiko hiyo, hakuona sababu ya kuwakwaza.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia, "Maandiko yalikataza kumla, mzee wangu. Hayakukataza kumsoma. Na huyo aliyemnyima magamba ni nani, kama si Mungu huyo huyo?"

Alisema jambo hilo lazima lifike kwenye kamati. Nilimkumbusha kwamba kamati inakaa baada ya wiki mbili, na mkaguzi anakuja Jumatano.

"Unashindana na kanisa, binti yangu?"

"Nashindana na ujinga, mzee. Kanisa nalipenda."

Niliondoka pale. Nililelewa kutomjibu mzee. Watumishi wa Mungu walionisomesha walinifundisha uvumilivu, na bado nawashukuru kwa hilo kila asubuhi, lakini uvumilivu ninaoujua mimi ni wa kutoondoka mahali ulipowekwa. Kunyamaza ni kitu kingine.

Jumatatu tulimweka kambare mmoja kwenye beseni, darasa zima likamzunguka. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza. Nilieleza kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu nikashuka hadi Kisukuma. Niliwaambia wasiandike chochote, watazame tu. Wakaona kichwa bapa kama mwiko wa ugali, na sharubu nne kila upande wa mdomo, anazopapasia njia kwenye maji ya tope. Wakaona mwili ulio mnene mbele na uliobanwa ubavuni kadiri unavyoelekea mkiani. Pezi la mgongoni halikuwa na miiba, lilikuwa refu na laini, limeanza karibu na kichwa likaenda hadi karibu na mkia, na chini yake pezi la mkunduni likilifuata vivyo hivyo. Kijana wa Busega alimshika vibaya, akachomwa na mwiba wa pezi la kifuani, akalia kama mtoto, na tangu hapo hakuna aliyesahau pezi la kifuani liko wapi.

Pembeni ya beseni niliweka mapanki niliyoyanunua sokoni asubuhi hiyo. Sangara kiwandani alikuwa ameachiwa pezi lake la kwanza la mgongoni, lenye miiba migumu inayosimama. Niliwaacha wafananishe. Huyu amejengwa kwa ajili ya kukimbiza wenzake kwenye maji mapana, yule kwa ajili ya kupenya kwenye nyasi na matope. Mkia unasukuma. Mapezi ya mgongoni na ya mkunduni yanamzuia asipinduke. Ya kifuani na ya tumboni, yanayokwenda mawili mawili, yanamgeuza na kumsimamisha. Haya yalikuwa kitabuni, waliyakariri mwaka uliopita bila faida. Sasa niliwaona midomo ikiwa wazi, wanainama kumwangalia kambare akikata kona ndani ya beseni.

Jumatano mkaguzi alipofika tulikuwa tumeshaanza kupasua. Kila meza ilikuwa na ubao, na samaki amelazwa chali. Badala ya pini tulitumia miiba ya mgunga. Badala ya visu vya maabara tulikuwa na nyembe na mikasi ya kushonea. Nilikuwa nimetoa shukrani kabla ya kumgonga wa kwanza kichwani kwa mchi. Baadhi walitabasamu. Kiumbe aliyekufa ili mtoto ajifunze anastahili kushukuriwa, na sijabadili mawazo hayo.

Niliwaonyesha jinsi ya kuanza kwenye tundu la haja, kwenda mbele katikati ya tumbo hadi baina ya mapezi ya kifuani, ncha ya mkasi ikiwa imeinuliwa juu. Ukiizamisha utatoboa utumbo, na kazi yote imeharibika. Ndipo mlango ukafunguliwa, mkuu wa shule akaingia na mgeni wake.

Alikuwa mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi, tai imenyooka. Aliangalia mahali ambapo bomba lingekuwa, aliangalia mahali ambapo gesi ingekuwa, kisha akaangalia kwenye mbao.

"Mwongozo wa mtihani unasema samaki mwenye magamba," alisema.

"Mwongozo uliandikwa samaki wakiwa bado hawajahamia Ulaya," nilimjibu.

Mkuu wa shule alikohoa. Tulitoka nje sote watatu. Mkaguzi alisema kwa heshima kabisa kwamba ameona juhudi, anaipongeza, lakini bila maji, bila vifaa na bila samaki anayetakiwa, mwaka huu darasa lifanye mtihani mbadala, na mwakani tutaona. Mkuu akaitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha. Mkaguzi akaniuliza kama nimemwelewa.

"Nimekuelewa. Sikubali," nilisema. "Ila wewe ndiye mwenye uamuzi. Basi ingia ukawaambie mwenyewe. Mikono yao imo ndani ya samaki."

Angeweza kukataa, gari lake lilikuwa pale. Alinitazama, akatazama mlango, akaingia.

Aliwaambia. Alitumia maneno mazuri. Kisha msichana wa Sola akasimama, mikono ameinyoosha mbele ili asichafue sare, akamwamkia shikamoo kwanza kama inavyopasa.

"Naomba kuuliza, mheshimiwa. Huyo samaki wa kwenye mwongozo, ana kiungo gani cha ndani ambacho huyu wetu hana?"

Nyuma kuna aliyenong'ona kwa Kisukuma kwamba yule wa mwongozo ana pasipoti, na darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakuwa Msukuma, hakuelewa, lakini alisubiri kicheko kiishe.

"Magamba," alisema.

"Hayo ni ya nje. Na tunayo, mheshimiwa." Akamwonyesha kichwa cha sangara kando ya ubao, magamba yakiwa yamebaki shavuni.

Nilidhani amevuka mpaka. Mkaguzi akasogea mezani pake. Akamuuliza moyo uko wapi. Msichana hakuonyesha kwa kidole. Alichukua mwiba, akainua utando mwembamba nyuma ya matamvua, na moyo ukawa pale, mdogo, mwekundu sana, bado unapiga. Kambare ni mgumu kufa. Mkaguzi aliinama, akaibana tai yake kifuani kwa mkono isiingie ndani ya samaki, akabaki ameinama.

Aliuliza ini, akaonyeshwa. Akahamia meza nyingine akauliza figo, na mvulana wa pale akakosea, akaonyesha mfuko wa mayai. Mkaguzi akamsahihisha yeye mwenyewe, kwa kidole chake, tai imetupwa begani. Kisha akarudi kwa msichana wa Sola na kumuuliza kile kilicho juu ya matamvua, chekundu kama kichaka kidogo, ni nini.

"Ni cha kupumulia hewa, mheshimiwa. Maji yakikauka asife."

Alikaa nasi hadi kengele. Wakati ananawa mikono kwenye ndoo alinieleza kwamba yeye alisoma kwa sato waliokaa kwenye chupa za dawa hadi wakawa weupe, na hajawahi kuona moyo wa samaki ukipiga. Mbele ya mkuu wa shule akasema anaturuhusu mtihani wa vitendo, kwa mwaka huo mmoja wa majaribio, na kwamba samaki tutamtafuta wenyewe. Akitakiwa mwenye magamba tukamkosa, tusimlaumu mtu.

Mzee wangu wa kanisa hakukubaliana nami. Kamati ilikaa, ikanionya kwa maneno laini, nikalipokea onyo na kuendelea kumuombea yeye na kamati. Bado tunakaa benchi moja, na bado anaona nilikosea.

Maelekezo ya mtihani, yaliyotangulia kuja, yalitaka samaki yeyote mwenye mifupa anayepatikana katika eneo la shule, na nilipoyasoma nilipiga magoti ofisini bila kujali nani ananiona. Lakini mitihani ile hufanyika mwishoni mwa kiangazi. Majaruba yalikuwa yamepasuka nyufa za kuingiza mguu. Niliwaendea wale wanawake wa migono, wakanichukua hadi kwenye lambo la ng'ombe lililobaki tope tupu, wakaingia na majembe hadi magotini, wakawatoa kambare mmoja mmoja, hai, wamefunikwa matope, na kunirushia kwenye ndoo wakinitania kwamba sasa hata mimi ninuke kama wao.

Si wote waliofaulu. Wengine walizamisha ncha ya mkasi, wengine waliitoboa nyongo. Msichana wa Sola alifaulu, na baba yake alikuja shuleni kwa miguu kuniambia, kwa maneno machache, kwamba ameona.

Lakini ninaloshukuru zaidi ni asubuhi yenyewe ya mtihani, kabla ya matokeo yoyote. Nilipanga mbao na samaki mezani, kila mtahiniwa na wake. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, alifunika pua kwa leso, akaniuliza kama hatuna samaki wengine wasionuka tope.

Nilimwambia hatuna, na hata tungekuwa nao tungetumia hawa hawa. Kisha nikatoka nje, kama sheria inavyotaka, nikasimama uani, nikasikia viti vinavutwa na watoto wangu wanaanza kazi.